Kulikagua Lori Lililotumika Kabla ya Kulipa: Dalili, Vyanzo na Mahali pa Kusimama

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kutazama lori la dizeli lililokwishafanya kazi, liwe Fuso Fighter au Isuzu lililoshuka melini kutoka Japani, au Scania iliyobeba mizigo ya Tunduma kwa miaka mingi na sasa tajiri wake anaiuza. Umepangwa kwa dalili, kwa sababu mnunuzi hulikuta lori likiwa zima na halimwonyeshi chuma kilichokufa. Linamwonyesha moshi, sauti, joto na uvujaji, naye ndiye anayepaswa kurudi nyuma kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo. Katika kila dalili nimeanza na chanzo kinachokutwa mara nyingi zaidi, na kipimo kisichohitaji spana kimetangulia kile kinachohitaji fundi.

Sharti moja litangulie yote. Muuzaji aambiwe mapema kwamba injini isiwashwe kabla hujafika, nawe ukifika uweke mkono juu ya kifuniko cha injini na kwenye hozi ya juu ya rejeta. Ukikuta joto, ujue kazi ya asubuhi imekwishafanywa bila wewe, kwa kuwa uzito wa kuwaka, moshi wa mwanzo na mlio wa kwanza wa kugonga wa injini iliyokauka oili vyote hutoweka baada ya dakika 10 za kuunguruma. Katika hali hiyo ni afadhali kuahirisha hadi kesho yake. Vilevile, injini iliyooshwa ikang'aa siku hiyohiyo isikupendeze: vumbi lililogandamana na oili ndilo linaloonyesha mahali panapovuja, na aliyelisafisha ameifuta ramani.

Injini ni nzito kuwaka

Chanzo cha kawaida ni betri na nyaya zake. Malori mengi ya ukubwa huu hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, na kila moja ikiwa imejaa na kutulia hupima takriban volti 12.6. Betri moja ikiwa nzuri na nyingine mbovu, stata itazunguka kwa uvivu hata kama injini haina tatizo lolote. Tazama pia vichwa vya betri na waya wa kutuliza unaokwenda kwenye chasisi, kwa kuwa kutu hapo hufanana kabisa na ugonjwa wa stata.

Stata ikizunguka kwa nguvu na injini isiwake, nenda ukatazame bomba la moshi wakati mwenzako anaendelea kuzungusha. Pasipotoka moshi wowote, dizeli haifiki, na mara nyingi ni hewa inayoingia kupitia mpira uliopasuka, washa (kipete cha kuzibia maungio) iliyochakaa au filta iliyofungwa vibaya. Lori ambalo dereva wake hulipampu kwa mkono kila asubuhi kabla ya kuwasha lina tatizo hili, nalo kwa kawaida si ghali kulitibu. Lakini moshi mweupe ukitoka kwa wingi huku injini ikikataa, basi dizeli inafika na haiungui. Hapo unazungumzia nozeli (vipulizio vya dizeli), majira ya pampu, au mgandamizo ulioshuka kwa sababu ya ringi na vali, na hilo la mwisho ndilo linalobeba gharama.

Muuzaji akitoa kopo la dawa ya kupulizia kwenye njia ya hewa, au kitambaa kilicholowekwa petroli, simamisha zoezi hapohapo. Injini iliyozoea kuamshwa hivyo mara nyingi mgandamizo wake umekwisha, na kwenye injini yenye kifaa cha kupasha hewa joto mvuke huo unaweza kulipuka usoni mwa mtu.

Moshi usio wa kawaida

Moshi kidogo wakati wa kuwaka, hasa katika baridi ya Makambako au Mbeya, si kasoro. Kinachohesabiwa ni moshi unaoendelea baada ya injini kupata joto lake.

Moshi mweusi unamaanisha dizeli imezidi hewa. Anza na filta ya hewa, ambayo katika barabara za vumbi huziba upesi na huweza kutolewa na kutazamwa kwa dakika 5. Ikiwa safi, kagua mabomba ya hewa kati ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) na injini, kwani hozi iliyopasuka chini ya klipu hulifanya lori lipige moshi na kukosa nguvu mlimani. Baada ya hapo zije nozeli, kisha pampu, ambayo mara kwa mara huwa imeongezwa mafuta kwa makusudi ili lori livute zaidi. Lililochezewa pampu kwa muda mrefu huenda pistoni zake zimepata joto lisilostahili, kwa hiyo usiishie kufurahia jinsi linavyovuta.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Turbo ndiyo ya kwanza kushukiwa kwa kuwa ni rahisi kuitazama: injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, shika ncha ya shafti yake, uisukume pembeni na mbele na nyuma. Mchezo mdogo sana wa pembeni hukubalika, lakini ikitembea mbele na nyuma, au mabawa yake yakiwa yamekwaruza nyumba, turbo imekwisha. Ikiwa nzima, fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu. Mvuke mwepesi si neno. Pumzi inayotoka kwa mapigo, yenye moshi na inayokirusha kifuniko ukikilaza juu ya tundu, inasema gesi inapita kando ya pistoni kwenda chini, na tiba yake ni kuifungua injini yote. Angalia pia bomba la kupumulia la injini, maana wapo wanaolirefusha hadi nyuma ya chasisi ili pumzi hiyo isionekane.

Moshi mweupe usiokatika injini ikiwa ya moto, wenye harufu ya mvuke badala ya dizeli, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Hilo linatupeleka kwenye dalili inayofuata, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayowaliza wanunuzi wengi kuliko nyingine yoyote.

Lori linachemsha, au lilikwisha kuchemsha zamani

Hakuna muuzaji atakayekuambia kwamba lori lake linachemsha, na kwenye jaribio la dakika 10 bila mzigo halitachemsha. Dalili zitafutwe injini ikiwa ya baridi kabisa, kwa mfuniko wa rejeta kufunguliwa. Hapa onyo ni moja na halina mjadala: mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata kwa kitambaa kinene, kwa sababu maji yaliyo chini ya mgandamizo huwa yamepita joto la kuchemka na hugeuka mvuke papo hapo yanapoachiwa.

Maji yakiwa ya rangi ya kutu, lori limeendeshwa kwa maji ya bomba bila dawa, na njia za ndani ya rejeta huenda zimeziba. Utando wa mafuta juu ya maji unamaanisha oili na maji vimekutana mahali fulani, pengine kwenye kipozeo cha oili tu, pengine kwenye gasketi ya hedi, yaani kizibo kati ya kichwa cha injini na silinda. Maji yaliyojazwa upya yakawa meupe pee hayakupi habari yoyote, na kutokupa habari huko kwenyewe kuandikwe kwenye daftari lako.

Vyanzo vya kuchemsha, kwa mpangilio wa ninavyovikuta, huanza na rejeta iliyozibwa nje kwa vumbi, nyasi na wadudu, au ndani kwa kutu. Hufuata mfuniko wa rejeta uliochoka springi yake, kisha feni na mkanda wake. Feni nyingi za malori zina klachi inayoifanya izunguke kwa kasi joto linapopanda, na ukikuta imefungwa kwa bolti au imechomelewa izunguke muda wote, ujue mtu alikwisha kupambana na joto akaishia njiani. Halafu thermostati, vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yakipata joto. Mafundi wetu wengi huing'oa kwa imani kwamba maji yatapita kwa uhuru zaidi, ilhali katika injini nyingi thermostati inapofunguka ndiyo hiyohiyo inayoziba njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Kwa hiyo lori lisilo na thermostati huchelewa kupata joto kwenye tambarare, kisha likachemsha kwenye mlima wa Kitonga likiwa na mzigo. Mshale wa joto unaokaa chini baada ya nusu saa ya kuendesha ni dalili, ingawa muuzaji atauita sifa.

Wota pampu huonekana kwa maji yanayotoka kwenye kitundu kidogo chini ya shafti yake, na ni jambo la kubadilisha kifaa kimoja tu.

Vya mwisho kwa idadi lakini vya kwanza kwa gharama ni gasketi ya hedi, hedi iliyopasuka na slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka). Jaza rejeta hadi shingoni injini ikiwa baridi, iwashe mfuniko ukiwa wazi, kisha simama pembeni utazame. Mapovu ya mwanzo ni hewa iliyonaswa, lakini yakiendelea kuja mfululizo, na kuongezeka kila mara unapopiga resi, hiyo ni gesi ya mwako inayopenya kwenye njia ya maji. Kipimo cha pili ni kufunga mfuniko na kuishika hozi ya juu katika dakika ya kwanza au ya pili: ikishakuwa ngumu kama gongo wakati maji bado ni baridi, jibu ni lilelile.

Kwa injini ambazo slivu zake huzungukwa na maji moja kwa moja, kama za Scania, kuna kipimo ambacho wengi hawakijui. Lori likiwa limelala usiku kucha, mwombe muuzaji fundi alegeze taratibu bolti ya kumwagia oili iliyo chini ya sampu, yaani karai la oili. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama mpira wa chini wa slivu unavuja, yatatangulia kutoka kabla ya oili. Akikataa, huna haki ya kumlazimisha kwa kuwa lori bado ni lake, ila bei yako ihesabu kwamba hukuona. Matone ya maji, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, yanatosha kukomesha ukaguzi mpaka fundi wa injini apime mgandamizo wa kila silinda. Injini yenye maji kwenye oili isiwashwe tena kwa ajili ya kujiridhisha tu, kwa sababu kila dakika inakula metali (beringi bapa) za krankishafti.

Injini inagonga, au oili yake inatia shaka

Mlio mwepesi wa kugonga wa juu, unaofuata mwendo wa injini na kupungua ikipata joto, mara nyingi ni vali zinazohitaji kurekebishwa. Mlio mkali wa kugonga wa silinda moja unaotoweka fundi akilegeza kidogo bomba la nozeli ya silinda hiyo huweza kuwa nozeli inayodondosha. Mlio mzito wa kugonga wa chini unaoongezeka ukipandisha resi ni metali. Zima injini. Kazi ya kulegeza bomba la nozeli si ya mnunuzi: dizeli inayotoka hapo ina nguvu ya kupenya ngozi, na katika injini za kisasa za komoni reli hairuhusiwi kabisa injini ikiwa inaunguruma.

Oili iliyo nyeusi kwenye kijiti ni kawaida ya dizeli. Iliyo nzito kama uji wa mtama ndiyo ya kuulizwa, kwani oili nzito hutiwa ili kuficha mlio wa kugonga na kupandisha geji ya mgandamizo wa oili.

Klachi na gia boksi

Pedali ikiwa imeachiwa na gia ikiwa huru, sikiliza. Mvumo unaokatika ukikanyaga pedali unatoka kwenye beringi ya shafti ya kuingilia ya gia boksi. Mlio unaoanza ukikanyaga ni beringi ya klachi. Ili kujua kama klachi inateleza, weka hendibreki, tia gia ya nne, kisha achia pedali taratibu: injini inapaswa kuzimika mara moja. Ikiendelea kuunguruma huku harufu ya kuungua ikipanda, diski imekwisha. Mara moja inatosha, maana kurudia ni kuichoma klachi ya mwenzako.

Gia ngumu kuingia mara nyingi ni klachi isiyoachia vizuri, ama kwa hewa kwenye mafuta yake ama kwa silinda ndogo inayovuja, na hayo ni matengenezo ya kawaida. Gia inayochomoka yenyewe unapotoa mguu kwenye mafuta ukiwa unateremka ni jambo jingine kabisa. Meno na springi za ndani vimelika, na lori la namna hiyo halifai kupelekwa mlima wa Sekenke kujaribiwa.

Difu (gia za ekseli ya nyuma) na propela (shafti inayoizungusha) hazitaki maneno mengi. Kishindo cha kuondokea ni krosi (kiungo cha propela) au senta beringi, na unaweza kuizungusha propela kwa mkono ukaona mchezo, magurudumu yakiwa yamewekewa kuni. Mvumo unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta ni meno ya difu, na unga wa chuma kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia oili utathibitisha.

Upepo na breki

Breki zipimwe kabla ya kuendesha. Zungusha resi ya wastani ujaze upepo, ukisikiliza mpaka kompresa ikate, kwa kawaida kati ya bar 7 na 8.5 (bar na psi ni vizio vya mgandamizo). Kipimo wanachofundishwa madereva wa Marekani kinafaa popote: upepo upande kutoka psi 85 hadi 100, yaani takriban bar 6 hadi 7, ndani ya sekunde 45. Ukichelewa, angalia kwanza kama kuna uvujaji kabla ya kuilaumu kompresa.

Kisha zuia magurudumu kwa kuni, zima injini, achia hendibreki na utazame geji. Kwa lori lisilo na treila isishuke zaidi ya psi 2 kwa dakika, na ukishikilia pedali ya breki isizidi psi 3. Ikishuka zaidi, tembea ukilizunguka lori na utausikia uvujaji. Vyanzo vya kawaida ni mipira na maungio yake, kisha diaframu ya chemba ya breki, kisha vali. Endelea kukanyaga na kuachia hadi upepo upungue: taa au king'ora cha onyo kiwe kimekwisha kulia kabla ya psi 60. Kikinyamaza, huenda kimekatwa waya kwa sababu kilikuwa kinamkera dereva, na dereva aliyefanya hivyo amefanya na mengine.

Vuta vali za kumwagia maji za tangi za upepo. Maji kidogo si ajabu, bali oili nyeusi inayotoka kwa kurusha ni ringi za kompresa, na oili hiyo imekwishapita ndani ya vali zote.

Mnunuzi asiguse chemba za nyuma zenye springi ya hendibreki, wala asimruhusu fundi wa kando ya barabara kuifungua klampu yake ili aone ndani. Springi iliyomo imebanwa kwa nguvu inayoweza kumwua mtu, na hufungwa kwa bolti yake maalumu na mwenye kuijua kazi hiyo. Kabini nayo isiinuliwe mtu akaingia chini kabla kufuli au nguzo yake haijashika. Kwa tipa, hakuna kuingia chini ya bodi lililoinuliwa kwa haidroliki pekee, hata kwa kuchungulia tu.

Usukani na matairi

Inua ekseli ya mbele kwa jeki, weka stendi, kisha mtu atikise gurudumu juu na chini. Likicheza, mwenzake akanyage breki na litikiswe tena: mchezo ukiisha ulikuwa wa beringi za habu, ambazo pengine zinataka kukazwa tu, ukibaki ni kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) na bushi zake. Mchezo wa kulia na kushoto huelekeza kwenye ncha za tairodi, fito inayounganisha magurudumu ya mbele.

Matairi husema kabla ya jeki. Kulika kwa upande mmoja wenye makali kama msumeno ni ulinganifu wa magurudumu uliopotea, kulika kwa mabonde ni shokamzoba au beringi, na tairi mpya za mbele peke yake kwenye lori lililochoka kila mahali zinataka maelezo. Tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi hutaja juma na mwaka wa kutengenezwa.

Lori linakwenda upandeupande

Mtu asimame nyuma na kulitazama likiondoka katika barabara iliyonyooka. Magurudumu ya nyuma yasipofuata njia ya yale ya mbele, chanzo chepesi ni senta bolti iliyokatika au yu-bolti zilizolegea, hivyo ekseli imehama juu ya springi. Pima kwa futikamba umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana wakati springi ni nzima na zimekazwa, chasisi yenyewe imepinda.

Nyufa zitafutwe nyuma ya kabini, kwenye mikono ya springi, na pale chasisi iliporefushwa au kuongezewa ekseli hapa nyumbani. Mstari wa kutu unaochomoza kwenye rangi mara nyingi ni ufa. Rangi mpya kwenye urefu wa mita moja tu ya chasisi kuukuu ikwanguliwe kidogo, kwa ruhusa ya mwenyewe. Ufa uliozibwa kwa kuchomelea juu ya ukingo wa chini wa chasisi, bila bamba la kuimarisha, hurudi pembeni ya mchomeleo, na lori la hivyo mimi humshauri mtu aliache hata likiwa na injini nzuri, kwa kuwa injini hubadilishwa na chasisi ndiyo yenye namba ya gari.

Namba hiyo isomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibandiko cha mlangoni, na ilinganishwe herufi kwa herufi na kadi ya gari pamoja na namba ya injini. Injini iliyobadilishwa si kosa ikiwa kadi imebadilishwa pia. Namba iliyosagwa, au iliyozungukwa na mchomeleo mpya, hupelekwa kwa wakaguzi wa polisi wa usalama barabarani kabla shilingi haijatoka mfukoni.